Uzi: Unaanza kozi ya CNA (msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa) hapa Marekani? Haya yamalize kabla darasa halijafunguliwa

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafuatwa sana faragha na swali lile lile: "Dada, nimejiandikisha CNA, nisome nini kabla ya kuanza?" Nimeamua kuandika mara moja hapa, nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Naandika kwa walioko Marekani na wenye ruhusa ya kufanya kazi. Mimi niko Texas, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku.

Jibu fupi: kitabu kisikutishe. Kozi yenyewe ni fupi mno. Serikali kuu inataka saa 75 tu, na angalau 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaongeza yanavyotaka. Texas ni saa 100, yaani 60 za darasani na 40 kwenye nyumba ya wazee. California ni 160. Ukisoma kutwa, wiki chache tu umemaliza. Sasa kozi ya namna hiyo haikupi nafasi ya kukimbizana na kadi ya chanjo wiki ya pili wakati wenzako wako fildi. Watu wetu ninaowaona wakikwama, hawakwami kwa sababu ya akili. Wanakwama kwenye makaratasi, kwenye vipimo vya Kimarekani na kwenye kufungua mdomo.

Nianze na hela, maana hapa ndipo watu wanapopigwa.

Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoanika hali mbaya ya huduma kwenye nyumba za wazee. Mwaka uliofuata, 1987, Bunge likapitisha sheria ambayo wenyewe wanaiita OBRA. CNA unayoijua leo, na mafunzo yake, mtihani wake na rejista ya jimbo (orodha rasmi ya ma-CNA), imesimama juu ya sheria hiyo. Kanuni zake zina kipengele ambacho shule za kulipia hazina sababu ya kukusomea: kama siku unayoanza kozi tayari umeajiriwa na nyumba ya wazee iliyo kwenye mpango wa Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali), au imeshakuahidi kazi, huruhusiwi kutozwa hata senti, vitabu vikiwemo. Na kama ulijilipia, kisha ndani ya miezi 12 tangu umalize ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo, upo utaratibu wa kurudishiwa gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Kwa hiyo risiti usitupe.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kulipa shule yoyote, piga simu kwenye nyumba za wazee zilizo karibu nawe, uliza kama wana darasa lao au kama wanaajiri watu kisha wanawasomesha. Nyumba inaruhusiwa kukutumia hadi miezi 4 ukiwa bado hujathibitishwa, mradi uko kwenye mafunzo. Wakikubali, soma mkataba vizuri uone wanataka uwatumikie kwa muda gani. Mimi naona hiyo ndiyo njia bora kwa mtu aliyefika juzi. Wengi hawaifuati kwa sababu tu hawajaambiwa.

Haya, makaratasi.

Jina. Sisi tuna majina matatu, pasipoti imeandika hivi, Social Security vile, na leseni ya udereva imekata jina la kati. Siku ya mtihani msimamizi anaangalia kitambulisho chako na jina ulilojisajilia. Zikipishana unarudi nyumbani, na ada mara nyingi hairudi. Yasawazishe sasa, herufi kwa herufi. Pia utachukuliwa alama za vidole ama kuchunguzwa rekodi ya jinai, kutegemea jimbo. Kama una kesi ya zamani, hata ndogo, uliza mapema kama inakufungia mlango, usije ukasoma bure.

Chanjo. Watakudai ushahidi wa surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, pepopunda, homa ya ini B, na mafua ya msimu. Kadi ya kliniki ya utotoni wengi wetu hatunayo. Usilie. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili una kinga, na ukikosa unachanjwa upya. Ila homa ya ini B haimaliziki kwa sindano moja, dozi zinapishana kwa wiki na miezi. Ndiyo maana inabidi uanze mapema.

Kifua kikuu kinahitaji aya yake. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki karibu wote tulichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa wachanga. Kile kipimo cha kuchoma ngozi ya mkono na kurudi baada ya siku mbili tatu kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, wala huna ugonjwa. Ukishavimba wanaanza kukuhoji, unapelekwa eksirei, kozi inakupita. Waambie mapema kwamba ulipata BCG, uombe kipimo cha damu, maana hicho hakidanganywi na BCG. Hata CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, wanapendekeza hicho kwa watu kama sisi. Kama kipimo cha damu nacho kimesema unacho, hapo fuata daktari, usibishane. Kuwa na vijidudu vilivyolala si sawa na kuumwa, na dawa zipo.

Sasa vipimo. Hapa hata waliosoma sayansi kwetu wanapotea. Joto ni Farenhaiti: 37 yetu ni 98.6 yao, na 38 ni 100.4. Uzito ni paundi, kilo moja ni paundi 2.2. Vinywaji ni aunsi, lakini kwenye chati unaandika mililita, na aunsi moja unaihesabu 30. Mzee amekunywa juisi aunsi 4, nusu ya kikombe cha chai cha aunsi 8, na supu aunsi 6. Jumla aunsi 14, yaani mililita 420. Fanya hesabu za hivi jioni ukiwa unapika mpaka zikutoke bila kalamu. Tarehe wanatanguliza mwezi: 4/7 ni Aprili 7, si Julai 4. Na saa za chati ni za mtindo wa jeshi. Ile zamu yetu ya saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri ni 0700 hadi 1500. Kichwa kinachohesabu saa kwa Kiswahili kikichoka usiku kinaweza kuandika 0100 badala ya 0700, na hiyo ni chati ya mgonjwa, si mchezo. Badili saa ya simu yako leo iwe ya saa 24.

Mapigo ya moyo ya mtu mzima ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20. Hesabu za mwanao, za mumeo, za jirani. Hesabu dakika nzima, kwa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na pumzi zihesabu bila kumwambia, maana mtu akijua unamhesabia anabadilisha.

Tuje kwenye mdomo. Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya kuchagua, na kwa sheria una haki ya kuyafanya kwa kusikiliza badala ya kusoma. Asiye na kasi ya kusoma Kiingereza aombe hiyo wakati wa kujisajili. Ya pili ni vitendo, angalau vitano, vinachaguliwa kwa bahati nasibu, na kunawa mikono hukukwepi. Hapo unatenda huku msimamizi anatazama, na unatakiwa kuongea na mgonjwa muda wote. Unabisha hodi, unajitambulisha, unaeleza unachotaka kufanya, unavuta pazia, unauliza maji yana joto linalomfaa. Watu wetu wanafanya kazi kwa mikono safi kabisa, kimyaaa. Wanaona aibu lafudhi. Lafudhi haipunguzi alama. Kimya ndicho kinachopunguza. Kwa hiyo nyumbani fanya kwa sauti, kwa Kiingereza, hata kama watoto wanakucheka.

Mambo ya kuingiza mwilini kabla ya darasa: kusugua mikono kwa sabuni si chini ya sekunde 20, vidole vikiangalia chini, bomba unalifunga kwa karatasi kavu. Kumvisha mtu aliyepooza unaanza upande dhaifu, kumvua unaanza upande wenye nguvu. Kumsafisha mwanamke ni kutoka mbele kwenda nyuma, kila mpanguso na sehemu safi ya kitambaa. Breki za kiti cha magurudumu zimefungwa kabla hajanyanyuka. Mfuko wa mkojo uko chini ya usawa wa kibofu, daima. Kabla hujatoka chumbani, kitanda umekishusha na kitufe cha kuita kiko mkononi kwake. Wanaofeli vitendo mara nyingi wanafelishwa na hayo ya mwisho, kwa sababu wanaona kazi imeisha.

Na jambo moja gumu kwetu. Tumelelewa kumfanyia mzee kila kitu: unamlisha, unamvisha, anatulia. Huku ukifanya hivyo kwa mtu anayeweza kushika kijiko, umekosea. Sheria ile ya 1987 inataka abaki na uwezo wake. Utakaa dakika kumi ukimtazama anahangaika na kifungo kimoja cha shati na hutakiwi kumpokonya. Pia ana haki ya kukataa kuoga. Akikataa hulazimishi. Unarudi baadaye, akikataa tena unamwambia muuguzi na unaandika. Usimwite bibi wala mama wala mpenzi, mwite kwa jina analotaka mwenyewe, na kama hujui, Mr. au Mrs. fulani kwa jina la ukoo.

Uzi uko wazi, ulizeni.

Dogo wa Arlington

Shikamoo dada. Nimekaa siti ya mbele. Mimi niko kwenye viza ya mwanafunzi, chuoni wananiambia CNA inalipa vizuri. Naweza kusoma halafu nipige zamu za wikendi?

Zamu ya Usiku

Marahaba mdogo wangu. Kusoma ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Viza yako ya mwanafunzi, F-1, haikuruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini maalumu, na anayekuambia utumie namba ya Social Security ya mtu mwingine anakuchimbia kaburi la makaratasi yako. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kwanza. Kuhusu kulipa vizuri, takwimu za Idara ya Kazi za mwaka 2023 ziliweka mshahara wa katikati kuwa dola 38,200 kwa mwaka. Ni kama dola 18 na ushee kwa saa. Inazidi kubeba maboksi sehemu nyingi, lakini usije na ndoto za kujenga ghorofa Kibaha kwa mwaka mmoja.

Nyayo za Eldoret

Niko Minnesota, Wakenya tumejaa hii kazi. Naunga mkono yote, nitaongeza moja tu: mgongo. Kwetu hapa watu wengi wameacha kazi si kwa mtihani, ni kwa mgongo. Usiinue mtu kwa kutegemea misuli. Kuna mkanda wa kumfunga kiunoni, kuna mashine za kuinulia, na kama mashine inahitaji watu wawili, ita wa pili hata kama anakuchukia. Kunja magoti, usipinde kiuno. Anza mazoezi ya miguu mwezi mmoja kabla.

Na viatu msinunue vya bei rahisi.

Mama Mapacha

Dada asante kwa bandiko. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu. Nimeogopa hata kujiandikisha. Kuna mtu aliniambia watanivua, na pia nitalazimishwa kuwaosha wanaume.

Zamu ya Usiku

Mama, usiogope, jiandikishe. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri akupe nafasi kwenye mambo ya dini, isipokuwa pale inapokuwa mzigo mkubwa kwake. Kwenye darasa letu walikuwepo dada wa Kisomali na wa Zanzibar, wamevaa hijabu fupi ya kubana, ncha zimeingizwa ndani ya sare, maana kitambaa kinachoning'inia kinabeba uchafu na mgonjwa mwenye kuchanganyikiwa anaweza kukivuta. Mikono ya nguo lazima ipandishwe juu ya kifundo cha mkono wakati wa kunawa, hilo waambie mapema kama unahitaji faragha.

La pili sitakudanganya. Kuosha mwili wa mtu wa jinsia nyingine ni sehemu ya kozi. Kazini nyumba nyingi wanapangiana wakiweza, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kusema hamtaki mwanamume au mwanamke. Lakini zamu ikiwa na watu wachache utamuosha aliyepo. Kaa na familia yako mlizungumze kabla hujalipa ada. Wapo waliofika fildi siku ya kwanza, wakaona, wakaondoka.

Mwana wa Uvira

Ndugu zangu, mimi niko Maine, tuko Wakongomani wengi huku Portland na Lewiston. Saa zetu ni 180, usisahau. Kwa wale tuliopitia kambi za wakimbizi: tarehe ya kuzaliwa wengi tumeandikiwa Januari 1. Si tatizo, ila iwe hiyo hiyo kila mahali. Kuna mama hapa alitaka kuirekebisha katikati ya kozi, karatasi zake zikasimama. Arekebishe kabla au baada, si katikati.

Halafu Kiingereza. Huku kuna madarasa ya watu wazima ambayo ni bure, mengine wanafundisha Kiingereza cha hospitali moja kwa moja. Mimi nilianzia hapo. Mwalimu anakufundisha kusema "ana maumivu ya kuchoma" na "ana maumivu ya kubana", kwa sababu muuguzi ataamua kwa maneno yako.

Zamu ya Usiku

Ahsante sana ndugu yangu, hiyo ya madarasa ya bure ilinitoka. Sehemu ya maumivu ni kweli kabisa. Wewe ndiye unayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote, daktari anapita tu. Ukiona ngozi ya kisigino au ya makalio imebadilika rangi na hairudi ukiibonyeza, hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza, na unatakiwa kukisema siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, gusa uone kama pana joto au pamekuwa pagumu. Sisi tunaijua ngozi yetu, tuwasaidie wenzetu.

Mpiga Debe

Kuna jamaa Dar anauza "kozi ya CNA ya mtandaoni na viza juu". Milioni kadhaa. Ana cheti kizuri sana ukutani.

Zamu ya Usiku

Achana naye mkuu. Nadharia unaweza kusoma mtandaoni katika baadhi ya majimbo, lakini saa za vitendo zinafanyika ana kwa ana, kwenye programu iliyoidhinishwa na jimbo. Na kozi haizai viza. Orodha ya programu zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya kila jimbo, ya idara ya afya au bodi ya wauguzi. Ukisoma shule isiyokuwemo humo, mtihani hupati.

Dogo wa Arlington

Dada swali la mwisho. Wale wazee wanaotukana rangi zetu, inakuwaje?

Zamu ya Usiku

Inatokea, na fildi inaweza kukukuta. Wengine ni ugonjwa wa kusahau umewashika, leo anakutukana, kesho anakuita mwanaye. Wengine wana akili timamu kabisa na wamekusudia. Wote hutakiwi kuwajibu. Hakikisha yuko salama, toka, mwambie muuguzi wa zamu, omba mwingine aingie. Ukimjibu au ukamvuta mkono kwa hasira, anaweza kuripoti, na likithibitika kuwa ni unyanyasaji linaandikwa kwenye rejista ya jimbo karibu na jina lako, na nyumba za wazee haziruhusiwi kukuajiri tena. Kazi yote imekwenda kwa dakika moja. Hali kadhalika simu: usipige picha ndani ya chumba cha mgonjwa, hata ya keki ya siku yake ya kuzaliwa, hata kwa grupu la familia. Sheria ya faragha ya afya ipo tangu 1996 na waajiri hawana mchezo nayo.

Nyayo za Eldoret

Na ukihama jimbo?

Zamu ya Usiku

Hurudii kozi kama uko kwenye rejista bila doa. Unaomba kuhamishiwa kwenye rejista ya jimbo jipya, kila jimbo lina fomu na masharti yake, na mengine yenye saa nyingi yanaweza kukudai nyongeza. Omba kabla hujahama, ukiwa bado na anwani ya zamani, kwa sababu barua nyingine bado zinakuja kwa posta. Angalizo: miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya aina hii, unafutwa hadhi na unarudi kwenye mafunzo au mtihani. Wenye likizo ndefu za uzazi na wanaorudi nyumbani kukaa mwaka na kitu, piga hata zamu chache za kulipwa kabla miezi haijatimia, na weka karatasi za malipo.

Naingia zamu saa tano usiku. Maswali mengine nitayajibu kesho mchana nikiamka.